Ndani au Nje

Kila mwaka majani yakianza kudondoka, mimi hupita kwenye miji midogo ya kaskazini nikiandaa milango ya gereji kwa ajili ya baridi. Theluji ikianza kukaa chini bila kuyeyuka, nawasha gari na kuelekea kusini. Nimefanya hivyo miaka ishirini na miwili. Unafuta reli, unatia oili kwenye magurudumu na bawaba, unapaka grisi springi, unang'oa raba ya chini iliyopasuka na kuweka mpya, kisha unaipaka silikoni isije ikagandiana na sakafu. Hakuna cha ajabu. Mlango wa gereji ni ukuta mzima wa nyumba, ila ni ukuta unaosogea, na pale unapoacha nafasi ya kidole baridi inaingia na kulala humo miezi mitano.

Nyumba ya mwisho kwenye njia yangu siku zote ilikuwa ya Bi Aune Lahtela, nje kidogo ya mji uliokuwa na mgodi wa shaba zamani, kule Michigan juu karibu na Ziwa Superior. Niliiweka ya mwisho kwa sababu ya mkate wake wa iliki, ule wa kusukwa kama nywele, na kwa sababu ya mumewe, Reino, mtu ambaye ungeweza kukaa naye kimya saa mbili na usione kama umepoteza muda. Reino alikuwa mrefu, futi sita na ziada. Akipita mlango wowote alikuwa anainamisha kichwa, hata mlango wa gereji ambao hauna shida hiyo.

Miaka mitatu iliyopita, siku ya kwanza ya kuwinda kulungu, tarehe kumi na tano Novemba, Reino aliondoka alfajiri na hakurudi. Gari lake lilikutwa kando ya barabara ya msituni, bunduki ikiwa ndani na chupa ya kahawa imebaki nusu. Theluji ikaanguka siku mbili mfululizo. Hawakumpata. Ilipoyeyuka mwezi wa nne wakatafuta tena, na bado hawakumpata.

Mwaka huu nilifika kwa Bi Aune siku ya Jumanne, wiki ile ile ya kuwinda. Alikuwa kwenye dirisha la jikoni, na kabla sijabisha akafungua.

"Umechelewa," akasema.

"Ndiyo kwanza tarehe kumi na moja, Bi Aune."

"Mimi ndiye mwenye mlango, mimi ndiye ninayejua umechelewa. Vua viatu. Na umekonda. Huko kusini hawali?"

Nikasimama pale kizingitini kufungua kamba za viatu, mguu mmoja ndani, mmoja nje, mlango ukiwa wazi nyuma yangu na upepo ukipita. Vidole vyangu si vya zamani, kamba zikanishinda. Nikawa nasubiri nipigiwe kelele. Kule kaskazini kuna neno moja ambalo kila mwanamke analo mdomoni kuanzia Oktoba hadi Aprili. Anamwambia mtoto, anamwambia mbwa, anamwambia mume na mgeni, yeyote anayesimama mlangoni bila kuamua: ndani au nje. Na wakikasirika wanaongeza: unadhani napasha joto kaunti nzima? Bi Aune alikuwa bingwa wao. Aliwahi kumwambia hivyo mchungaji wa kanisa lake, Biblia ikiwa mkononi.

Safari hii alinitazama nikihangaika na kamba, joto lake lote likitoka nje, na hakusema neno. Akageuka kumimina kahawa.

Hilo nililiona. Sikulitilia maanani, lakini nililiona.

Tulipokuwa tunakula mkate akaniwekea mkono wake wa kushoto mezani. Kiwiko kilikuwa sawa, kifundo kilikuwa kimepinda.

"Januari," akasema. "Mlango wa gereji ulibaki wazi usiku kucha, bomba la maji linalopita kule juu likapasuka, maji yakaingia jikoni yakaganda. Nikaamka kuchemsha kahawa nikaanguka. Nimelala sakafuni mpaka saa nne asubuhi, nikihesabu vumbi chini ya friji."

"Ulisahau kuufunga?"

"Kusahau ni kazi yako wewe. Niliufunga. Haukubali."

Haukubali namna gani? Basi akanieleza. Majira ya joto ulikuwa unafunga vizuri kabisa. Baridi ya kwanza tu ikifika, ukibonyeza rimoti unashuka kidogo, unasita, unapanda tena mpaka juu, na taa ya mota inayouvuta inapepesa mara kumi.

"Rodney anasema nimeanza kuchanganyikiwa," akasema. Rodney ni mwanawe wa pekee, anauza vipuri vya matrekta mjini, mwendo wa saa mbili. "Anakuja Ijumaa, kama kila mwaka, kulala hapa awahi kuwinda. Amesema Ijumaa hiyo atabonyeza rimoti mara moja. Mlango ukifunga, nabaki kwangu. Usipofunga, anafungasha vitu vyangu na kunipeleka nyumba ya wazee. Ameshalipia chumba. Kina dirisha linalotazama maegesho ya magari." Akanisogezea kisahani. "Kwa hiyo usinitengenezee kama unavyowatengenezea wale wengine. Nitengenezee."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, hilo ni jambo la dakika kumi.

Taa ikipepesa mara kumi, kila fundi anajua ni macho. Mlango wa mota una macho mawili chini, moja kila upande, inchi sita kutoka sakafuni, usawa wa kifundo cha mguu. Jicho moja linatuma mwali usioonekana, la pili linaupokea, na lile la kupokea lina kitaa cha kijani kinachowaka muda wote mwali unapofika. Kitu kikikatiza, mtoto, paka, ndoo, kitaa kinazimika na mlango unakataa kushuka. Taa ya juu inapepesa mara kumi kukwambia: kuna kitu kimesimama kati.

Jumanne ile nilifanya kazi zangu zote za kawaida. Nikavuta kamba nyekundu kuutenga mlango na mota, nikaunyanyua kwa mikono mpaka katikati na kuuachia. Ukakaa palepale, haupandi haushuki, maana yake springi ni nzima. Nikafuta reli, nikatia oili, nikabadilisha raba. Macho nikayafuta kwa kitambaa, nikayanyoosha yakatazamana. Kitaa cha kijani kikawaka. Nikabonyeza, mlango ukashuka shibiri moja ukarudi juu. Pepe, pepe, pepe, mara kumi.

Kutazama chini, kitaa kimezimika. Kati ya macho hapakuwa na kitu, hata jani.

"Ni jua," nikamwambia Bi Aune, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. "Novemba jua linakuwa chini, linalipofusha hili la kupokea."

"Jua," akasema.

"Kesho nitayabadilisha upande."

"Leo kuna mawingu tangu asubuhi, Orrin."

Alisema kweli. Nikajifanya natafuta bisibisi.

Jumatano nilinunua macho mapya na waya mpya, nikatupa vya zamani. Nikavifunga imara, nikavipima kwa uzi. Vikafanya kazi asubuhi nzima. Nilifungua na kufunga mlango ule mara thelathini nikipiga mluzi. Bi Aune akaniletea supu ya njegere, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akanitazama nikinywa.

"Unapiga mluzi kama mtu aliyemaliza," akasema.

"Nimemaliza."

"Ngoja baridi ishuke."

Ilishuka kama saa tisa alasiri. Unyevu wa barazani ukageuka barafu kama kioo, na pumzi yangu ikaanza kuonekana. Nilikuwa nimechutama kando ya jicho la kupokea nikikaza skrubu ya mwisho, uso wangu karibu kabisa na kitaa. Kikazimika. Nikangoja. Kikawaka kidogo, kufumba na kufumbua, kikazimika tena. Baada ya muda, tena. Waya mbovu haufanyi hivyo. Waya mbovu unacheza ovyo. Hiki kilikuwa na mwendo wake: zima, muda mrefu, waka kidogo, zima. Nimesimama kwenye baridi maisha yangu yote, nikingoja mabasi, nikingoja watu wanifungulie. Najua mtu anavyohamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule ili damu isilale.

Nikanyoosha mkono polepole katikati ya mlango. Mkono haukugusa chochote. Nikaurudisha na kuuweka chini ya kwapa, na haukupata joto mpaka nilipoingia ndani.

Jioni hiyo tulikula jikoni. Wakati anaosha vyombo, mgongo umenielekea, nikauliza.

"Bi Aune, unajua ni nini kile?"

"Wewe ndiye fundi."

"Fundi amefika mwisho wa ufundi wake."

Akasuuza kikombe kimoja muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Nalijua," akasema. "Nalijua tangu mwaka wa kwanza; huanza wewe ukishaondoka. Nilidhani ukija wewe na spana zako litaona aibu liondoke." Akakausha mikono. "Utalala kwenye gari lako tena? Kuna kitanda juu."

"Nimezoea gari."

"Umezoea," akasema, akatundika kitambaa msumarini.

Alhamisi nilifanya jambo ambalo sijivunii. Swichi ya ukutani ina uwezo ambao rimoti haina: ukiibonyeza bila kuiachia, mlango unapuuza macho na kushuka kwa nguvu. Nilingoja Bi Aune aende kanisani kwenye kikundi chake cha kushona. Nikabonyeza na kushikilia. Mota ikalia, mlango ukaanza kushuka, na mimi nikajisemea, haya, tuone.

Ulishuka kama futi moja hivi ukasimama. Haukugonga. Ulisimama taratibu, kama unavyoweka kikapu juu ya kichwa cha mtu. Raba niliyoiweka Jumanne, laini bado, ilikuwa imenyooka kutoka ukuta hadi ukuta, isipokuwa sehemu moja katikati. Pale ilikuwa imebonyea kwenda juu, upana wa kofia. Nikapima kwa macho kutoka sakafuni. Futi sita na ziada.

Nikaachia swichi. Mlango ukapanda. Ile raba ikajinyoosha polepole yenyewe.

Kwa sauti ya chini nikasema, "Samahani, Reino." Kisha nikaenda kukaa kwenye gari langu na kuwasha injini, mikono kwenye usukani. Barabara ya kusini ilikuwa kavu. Mawingu ya theluji yalikuwa yamejaa juu ya ziwa, na kama ningeondoka saa ile, kufikia jioni ningekuwa nimevuka nusu ya jimbo la Wisconsin. Wanawake watatu katika maisha yangu wamewahi kuniuliza swali lile la mlangoni, na wala hawakuwa wanazungumzia joto. Wote niliwajibu kwa miguu. Nikakaa na injini ikinguruma mpaka Bi Aune akarudi, akapita kando ya gari langu na mfuko wake wa nyuzi, hakunitazama. Nikazima.

Ijumaa Rodney alifika saa tisa na nusu, theluji ikiwa imeanza. Mtu mnene wa miaka hamsini, koti la rangi ya chungwa la kuwindia, macho ya mama yake. Akashusha maboksi ya karatasi yaliyokunjwa, kama kumi, akayaegemeza ukutani ndani ya gereji. Hakuyaficha.

"Mzee Orrin," akanipa mkono. "Bado hujafa?"

"Nimekosa nafasi."

"Vipi, umeutengeneza?"

"Kila kitu ni kipya."

"Sijauliza kama ni kipya."

Mimi nilikuwa nimesimama nje, kwenye njia ya gari, theluji ikinitua kofiani. Rodney alikuwa ndani, karibu na ngazi ya jikoni. Bi Aune akatoka jikoni na aproni yake, akasimama kwenye ngazi, akafunga mlango nyuma yake haraka kama kawaida yake, asipoteze joto. Rodney akatoa rimoti mfukoni.

"Mara moja, Mama. Tulikubaliana."

"Wewe ndiye uliyekubaliana."

Akabonyeza. Mlango ukashuka shibiri moja, ukasita, ukapanda. Taa ikapepesa mara kumi.

Rodney akashusha pumzi. Nadhani hakufurahi. Nadhani alikuwa ametumaini. "Mama, usiku wa leo itafika nyuzi kumi chini ya sifuri. Bomba ni lile lile. Unataka nikukute sakafuni tena?"

"Sakafu ni yangu."

"Na mkono ni wako, nimeona." Akaenda kwenye swichi ya ukutani, kando ya mlango wa gereji. "Nitaufunga kwa nguvu leo, kesho tunafungasha."

Akabonyeza na kushikilia. Mlango ukashuka, ukafika pale pale, ukasimama. Mota ikanguruma. Rodney akaona umekwama, akanyoosha mkono mwingine kushika mpini wa ndani, akaanza kuvuta kwa uzito wake wote. Kutoka nje niliona raba ikibonyea, ikizidi kubonyea.

"Rodney," nikasema, "acha."

"Umeshikwa na kitu."

"Acha, bwana."

"Mwachie baba yako," Bi Aune akasema.

Hakupaza sauti. Rodney akaachia vyote viwili kama aliyeungua. Mlango ukapanda. Alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi, akitafuta usoni kwangu mtu wa kucheka naye. Hakumpata.

"Ndiyo maana chumba kile, Mama," akasema polepole. "Ndiyo maana hasa."

"Tulia nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu." Bi Aune alishika ukingo wa ngazi kwa ule mkono uliopinda. "Siku ile alfajiri baba yako alikuwa amesimama pale. Pale pale. Koti kama lako. Alikuwa amefungua mlango wote, mimi niko jikoni, mlango wa jikoni wazi, baridi inanipiga miguuni. Nikamwona amesimama tu. Haendi. Anahama mguu huu, anahama ule. Alikuwa na kitu cha kusema. Unamjua baba yako, kusema kulikuwa kunamchukua muda."

Rodney alitazama pale sakafuni, chini ya mlango.

"Ningengoja dakika moja. Unga wangu ulikuwa unaumuka, nikaogopa utapigwa na baridi. Nikamwambia, Reino, ndani au nje, napasha joto kaunti nzima? Akanitazama. Akainamisha kichwa, akaenda nje." Akajifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. "Nilimpa vitu viwili achague, akachagua nilichomsukumia. Tangu hapo neno lile sijalitamka. Nafikiri nikilitamka ataondoka kabisa. Na nisipolitamka anabaki hapo hapo, na mimi naenda kutazama magari."

Theluji ilikuwa imeanza kuingia gerejini, ikitua kwenye sakafu niliyoifagia. Nilikuwa karibu na jicho la kupokea kuliko wao. Nikachutama. Kitaa kilikuwa kimezimika. Kikawaka kidogo. Kikazimika.

"Yupo?" Bi Aune akaniuliza. Ananiuliza mimi, kama unavyomuuliza fundi.

"Yupo."

Rodney akaja kuchutama upande wa pili, ndani, akatazama kitaa kile. Tulikuwa tumechutama watu wazima wawili kama wanaochezea gololi. Kikawaka, kikazimika. Nikaona uso wake ukibadilika. Rodney amewinda na baba yake tangu ana miaka kumi. Ameshasimama nyuma ya mgongo ule na miguu ile kwenye baridi asubuhi ngapi, sijui.

"Alikuwa anafanya hivyo," akanong'ona. "Mguu wa kulia muda mrefu. Kwa sababu ya goti."

Bi Aune alishuka ngazi. Alikuja mpaka katikati ya gereji, mwanamke mfupi mwenye soksi za sufu, akainua uso wake kutazama juu, pale ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa. Hakukuwa na kitu isipokuwa theluji ikianguka nyuma. Akasema kwa sauti ile ile aliyomwambia mchungaji, ila taratibu zaidi.

"Haya, Reino. Ndani au nje." Akangoja. Kisha akaongeza, "Sina unga jikoni leo. Chukua muda wako."

Tukangoja sote. Sijui muda gani. Magoti yangu yaliniuma, nikayaacha yaume. Rodney alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Kitaa kilikuwa kimezimika, kimezimika, kimezimika. Kikawaka kidogo. Kikazimika. Halafu kikawaka, nikahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, nikifikia kumi kilikuwa bado kinawaka, kijani kibichi, kimetulia.

Baridi iliyonishika mkono Jumatano haikupita upande wangu. Hilo naweza kuapa. Mimi ndiye niliyekuwa nje, na upande wangu hakuna kilichopita.

Bi Aune hakugeuka kuniuliza. "Bonyeza," akamwambia mwanawe.

Rodney akasimama akabonyeza rimoti mara moja. Mlango ukaanza kushuka. Mimi nilikuwa bado nje, na hakuna aliyenikumbuka. Ukapita usawa wa kichwa cha mtu mrefu, ukapita kifua, ukapita magoti, raba yangu mpya ikagusa sakafu na kujikalia kwa uzito sawasawa. Nikainama kukagua, mazoea tu. Hapakuwa na mstari wa mwanga popote.

Mlango ule una vidirisha vinne juu. Sikutaka kuchungulia, nikachungulia. Taa ya mota ilikuwa bado inawaka. Rodney alikuwa anapanda ngazi ya jikoni, akaingia. Bi Aune alikuwa ameushika mlango wa jikoni akiwa juu ya ngazi, yeye ambaye mlango haukai wazi mkononi mwake hata kwa muda wa paka kupita. Mwanawe ameshapita. Akaendelea kuushika. Akasogea pembeni kidogo, akaegemea fremu, joto lote la nyumba likimpita na kuingia gerejini. Aliushika muda ambao mtu mwenye goti bovu anahitaji kupanda ngazi tatu. Kisha akatazama chini, kwenye mkeka, na midomo yake ikasema neno moja. Sikulisikia, kioo kilikuwa kati yetu, lakini nimekula katika nyumba ile miaka mingi na neno hilo nimelipokea kila mara.

Viatu.

Halafu akafunga mlango, na baada ya dakika chache taa ya gereji ikazimika yenyewe.

Nikarudi kwenye gari langu. Theluji ilikuwa imefunika kioo na sasa ilikuwa inakaa chini, haiyeyuki. Nilikuwa natafuta funguo pale Rodney alipotoka kwa mlango wa mbele, amebeba yale maboksi kwapani, bado yamekunjwa. Akayarusha nyuma ya gari lake. Akasimama akiyatazama.

"Anabaki," akasema.

"Vizuri."

"Ulifanya nini kwenye yale macho, mzee Orrin?"

"Niliyafuta vumbi."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. Mlango wa mbele ulikuwa umeachwa wazi nyuma yake, na mwanga wa jikoni ulikuwa unatoka mpaka kwenye theluji, pamoja na harufu ya iliki.

Kutoka ndani sauti ya Bi Aune ikaja, kali, ya zamani, nzima kabisa.

"Na nyinyi wawili hapo. Ndani au nje. Mnadhani napasha joto kaunti nzima?"

Rodney akaenda. Mimi funguo nilikuwa nimeshazipata, zilikuwa mkononi. Nilizitazama, nikazirudisha mfukoni. Nikaingia, nikafunga mlango nyuma yangu, nikainama na kuhangaika na zile kamba mpaka zikafunguka. Viatu vyangu niliviweka kwenye mkeka karibu na vya Rodney, ila nikavisogeza pembeni kidogo, upande wa ukuta, kuacha nafasi ya jozi moja.